Mtoto Hakusema Kitu

Chicago,
11 Februari 1974

Kwa yeyote wa ukoo wa Talty,
Knockaveela, Kaunti ya Clare, Ireland

Mpendwa ndugu,

Nisamehe kwa kukuandikia bila kulijua jina lako, wala kujua kama upo. Naitwa Rosaleen Dvorak. Dvorak ni jina la mume wangu. Mimi nimezaliwa Talty. Baba yangu, Michael Talty, alifariki hapa Chicago Oktoba iliyopita akiwa na miaka themanini na sita. Aliendesha tramu kwa miaka thelathini, akastaafu, akawa anashinda jikoni kwetu akisoma gazeti. Katika maisha yake yote hakuwahi kutuambia ametoka kijiji gani.

Watoto wangu wawili, ambao sasa wako chuo, wamenishikilia twende Ireland mwaka huu. Kila jirani yetu mwenye asili ya huko ameshakwenda, akarudi na picha amesimama mbele ya kibanda cha mawe, akisema babu yake alizaliwa pale. Sisi hatuna pa kusimama. Jina la Knockaveela nimelipata kwenye orodha ya abiria wa meli, Juni 1921, baada ya kupekua miezi miwili.

Nikwambie ukweli, nina hofu. Nilipokuwa msichana, mtu mmoja alimsalimu Baba nje ya kanisa. "Wewe si Michael Talty wa Clare?" Baba akamjibu, "Mimi mtu wa Kerry," akanishika mkono tukaondoka. Hatukurudi kanisa lile tena. Tangu Jumapili hiyo tulipanda tramu mbili kwenda kusali na Wapolandi, mahubiri tusiyaelewe hata neno moja. Nilikuwa nikimtazama Baba amekaa pale ametulia kabisa, kwa sababu hakuna aliyemjua.

Mtu hakimbii hivyo bure. Kwa hiyo kabla sijakata tiketi nakuuliza: yuko anayemkumbuka huko? Na je, tukija tutapokelewa vizuri, au kuna jambo napaswa kulijua kabla sijawaleta wanangu?

Wako kwa heshima,
Rosaleen Dvorak


Knockaveela,
2 Machi 1974

Bibi Dvorak,

Barua yako imenifikia kwa sababu mtu wa posta hakuwa na mwingine wa kumpa. Pole kwa msiba.

Akina Talty katika Clare ni wengi kama majani. Michael wa hapa simjui. Na hata ukitaka kutafuta utajichosha bure, maana karatasi zote za nchi hii ziliungua kwenye ule moto wa Dublin mwaka 1922: mabatizo, ndoa, vifo, yote yakawa majivu.

Knockaveela hakuna cha kupiga picha. Kuna mvua na ng'ombe. Ningekushauri uwapeleke watoto Killarney, kuna maziwa mazuri na farasi wa kukodi.

Mungu akuweke.
Honora Talty


Knockaveela,
3 Machi 1974

Bridie mdogo wangu,

Jana nimetenda dhambi, na nakuandikia wewe kabla ya kumwendea padri, maana padri atanipa sala za kutubu tu na wewe huenda ukanipa akili.

Baba mkubwa Michael amekufa. Alikuwa hai, Bridie, mpaka Oktoba! Mimi nilikwisha kumweka na marehemu tangu zamani, nikimwombea pamoja na Baba na Mama. Kumbe alikuwa Chicago anasoma gazeti. Ana binti, binti ana watoto, na wote wanataka kuja hapa kupiga picha. Nimemjibu simjui, awapeleke watoto Killarney kwenye farasi wa kukodi. Nimemwandikia kwa mkono huu huu, nikabandika stempu, nikaipeleka posta mwenyewe.

Tangu jana mikono haitulii. Nimefunga geti la barabarani, ambalo halijafungwa tangu Baba afariki, na ng'ombe wananishangaa. Gari likipunguza mwendo pale konani roho inanitoka.

Unajua kwamba hati ya shamba bado ina jina lake. Ekari ishirini na tano, nyumba, na kipande chetu kule kinamasini tunakokata udongo wa kuwashia moto: yote ni ya Michael Talty, mwana wa kwanza. Baba hakwenda kwa wakili kwa sababu aliona haya kuweka jina lake juu ya la kaka yake, na mimi sikwenda kwa kumwiga Baba. Sasa binti wa mwenyewe anauliza njia. Akisimama uani na karatasi mkononi nitamwambia nini? Nina miaka sitini na miwili. Nitakwenda wapi?

Usimwambie mtu, hata mumeo. Nijibu upesi.

Dada yako,
Nonie


Coventry,
12 Machi 1974

Dada Nonie,

Killarney! Nimecheka hadi chai ikanipalia. Mwanamke kafiwa na baba yake, wewe unamwonyesha farasi wa kukodi.

Sasa sikiliza, acha kutetemeka. Nimemuuliza wakili mmoja ambaye huwa namsafishia ofisi, bila kutaja majina. Anasema huko kwetu mtu akikaa kwenye ardhi zaidi ya miaka kumi na miwili, akaitumia na kuitunza bila mwenyewe kuja kumsumbua, sheria inakuwa upande wake. Wewe na Baba mmekaa hamsini na mitatu. Asiyekuwapo na lake halipo, Dada, na sheria inasema hivyo hivyo, ila kwa maneno marefu zaidi. Hata aje na watoto kumi na kamera ishirini hawezi kukutoa.

Kwa hiyo fungua geti, ng'ombe wapite. Mwandikie kwamba umekumbuka, usingizie uzee. Mkaribishe, mpe mkate, mwonyeshe kaburi la bibi, alie kidogo, apige picha zake, aende zake.

Lakini kuna kitu sikielewi. Mtu anayeogopa kunyang'anywa shamba huuliza habari za wakili. Wewe barua nzima hukuuliza. Umeniambia tu kwamba unatetemeka. Mimi naijua hofu siku hizi. Tangu haya mabomu ya watu wa kwetu yaanze huku Uingereza, nikifungua kinywa dukani watu wakasikia lafudhi yangu, wote wananyamaza, na ninarudi nyumbani bila kile nilichoendea. Hofu yako haifanani na ya shamba. Una nini kingine, Dada?

Mdogo wako,
Bridie


Chicago,
6 Mei 1974

Dada Nonie,

Naomba nikuite hivyo, maana baba zetu walinyonya ziwa moja.

Ule moto wa Dublin ni kweli ulikuwapo. Lakini mzee mmoja wa maktaba hapa, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, ameniambia kwamba vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki havikuwa kule. Vilibaki kwa mapadri, kila parokia na chake. Hakuna Mkatoliki wa huko asiyelijua hilo, alisema, na akanitazama kwa huruma. Basi nikamwandikia padri wenu. Padri Considine alinijibu kwa wema mwingi: Michael Talty wa Knockaveela, alibatizwa Machi 1887, mdogo wake John, 1889, na binti wa John, Honora, ambaye wote humwita Nonie, yu hai, anakaa katika nyumba ile ile. Amefurahi sana. Anasema misa ya nyumbani mwaka huu itakuwa zamu yako, tarehe tatu Oktoba, na kwamba tukija wakati huo tutawakuta majirani wote mahali pamoja.

Sikukasirika kwamba ulinidanganya, Dada. Niliogopa. Nilijiambia: kama ndugu yake wa damu amekataa kumjua, basi alichokifanya ni kikubwa.

Kuna jambo sikukuandikia mwanzoni kwa sababu niliona aibu. Siku tatu za mwisho hospitalini Baba hakututambua. Alikuwa akizungumza na watu ambao sisi hatukuwaona, ameinua mikono hivi, kana kwamba anawazuia mlangoni. Alisema jambo moja tu, tena na tena. "Mtoto hakusema kitu. Mwacheni mtoto."

Ni mtoto gani, Dada Nonie? Baba yangu alimfanya nini mtoto? Muuguzi alikuwa anatoka nje kila alipoyasikia maneno yale. Mume wangu anasema wazee wakikaribia kufa hupayuka. Mimi najua hakupayuka, maana sauti ilikuwa ile ile ya siku aliyosema ni mtu wa Kerry.

Huyu mtu ndiye aliyenifundisha kufunga viatu. Nilimlisha kwa kijiko mpaka mwisho. Na sasa nikiitazama picha yake nasikia baridi mwilini. Wiki iliyopita nimeitoa ukutani, nikaiweka kabatini chini ya mataulo, na watoto hawajaniuliza kwa nini.

Tiketi nimekata. Nikija bila kujua nitakuwa nimewaleta wanangu mbele ya watu ambao huenda bado wanamlilia mtoto wao. Kwa ajili ya Mungu, niambie.

Rosaleen


Knockaveela,
19 Mei 1974

Bridie,

Leo Padri Considine ametangaza altareni, kati ya mnada wa ndama na mkutano wa akina mama, kwamba binti wa Michael Talty anakuja kutoka Amerika, na kwamba atakuwapo kwangu siku ya misa. Alisema "tufurahi pamoja na Nonie." Kanisa zima likakohoa. Packie Marrinan aligeuza kichwa akanitazama, mimi nikatazama kitabu changu cha sala, na kilikuwa kichwa chini miguu juu.

Umeuliza nina nini kingine. Si shamba, Bridie. Shamba nililitaja ili nipate mahali pa kuiweka hofu.

Wewe ulikuwa na miaka miwili, kwa hiyo unajua kile tu ambacho kila mtu anakijua: kwamba Sinon Marrinan, kaka yake Packie, aliuawa na askari wa Mwingereza kwa sababu kuna mtu aliyewaambia alikojificha, na kwamba baba mkubwa Michael alikubali ni yeye, wakamfukuza. Hakuwa yeye. Nilikuwa mimi.

Hapa kwetu mwizi husamehewa. Mlevi husamehewa, hata aliyeua husamehewa akikaa kimya muda wa kutosha. Aliyempelekea askari habari hasamehewi, wala mjukuu wake hasamehewi. Wewe unayajua hayo kama mimi. Na sasa mtoto wa Michael anadhani baba yake alimdhuru mtoto. Ameiondoa picha yake ukutani.

Niambie nifanye nini.

Nonie


Coventry,
27 Mei 1974

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa kwenye ngazi, na hapo nikabaki mpaka mume wangu aliporudi kazini.

Ulikuwa na miaka tisa. Miaka tisa, Nonie. Nataka uliandike hilo mahali ulisome kila asubuhi.

Na baada ya kulisoma, unyamaze. Nakuomba kwa jina la Mama. Maji yakimwagika hayazoleki. Utamwambia huyu mwanamke, yeye atamwambia mumewe, mumewe atawaambia watoto, na watoto watasimama jikoni kwako mbele ya Packie Marrinan na midomo yao ya Kimarekani isiyojua kunyamaza. Halafu wewe utakaa wapi? Utamwita nani ng'ombe akishindwa kuzaa? Mwandikie kwamba Michael alilewa akaropoka, kama alivyosema mwenyewe. Kuhusu mtoto, sema hujui. Mwache marehemu aendelee kuubeba mzigo wake. Ameubeba miaka hamsini na sasa haumuumi tena. Wewe ungali unaumia.

Najua nilichokiandika hapo ni kibaya. Naogopa kwa ajili yako, basi.

Ichome barua hii.

Bridie


Knockaveela,
8 Juni 1974

Mpendwa Rosaleen,

Kabla hujaendelea kusoma, rudisha picha ya baba yako ukutani. Mtoto unayemuuliza hakudhuriwa na mtu. Mtoto huyo ni mimi.

Mwezi Mei mwaka 1921 nilikuwa na miaka tisa. Vijana wa hapa walikuwa wakipigana na askari wa Mwingereza, na mmoja wao, Sinon Marrinan, mwana wa jirani yetu, alikuwa amejificha katika tanuri la chokaa lililoachwa, nyuma ya shamba letu. Kila asubuhi Mama alinituma nimpelekee mkate na mayai kwenye kikapu, maana mtoto hatiliwi shaka. Na kila asubuhi aliniambia: ukiulizwa, hujui kitu.

Siku ile lori lilisimama, akashuka ofisa. Hakunifokea, Rosaleen. Angenifokea ningelia nikanyamaza, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Yeye alichuchumaa, akasema kikapu hiki ni kizito kwa msichana mdogo, je, kweli njia ninaijua? Nikaona ananidharau. Nikamwambia ninaijua sana, nimekwenda kwenye tanuri wiki nzima na sijavunja hata yai moja. Akasema, "Wewe ni msichana mwerevu."

Nilifurahi kuitwa mwerevu. Nilitembea hatua kama ishirini hivi nikiwa nafurahi, ndipo nikaona lori limekata kona kuelekea kule. Walimpiga risasi mlangoni pa tanuri. Mlio niliusikia kikapu kikiwa bado mkononi.

Jua halijatua, wanaume watatu walikuwa wamekwisha kufika kwetu. Walisema neno limetoka nyumba hii, kwa sababu hakuna nyumba nyingine iliyokuwa ikimlisha. Wakataka mtu. Baba yangu alishindwa kusema. Aliyesimama ni baba yako. Alikuwa na miaka thelathini na minne, shamba lake, nyumba yake, hana kosa na mtu yeyote. Akasema alilewa mjini akaropoka. Wakampa hadi kesho yake saa sita mchana awe ameondoka, na akirudi wamuue.

Asubuhi aliniita zizini. Nilidhani atanichapa. Alinishika mabega akasema, "Wewe hukusema kitu. Umenisikia, Nonie? Mtoto hakusema kitu." Akanifanya nirudie mpaka nikalisema bila kulia. Kisha akaenda, na sikumwona tena. Hayo ndiyo uliyoyasikia hospitalini. Alikuwa bado anawazuia wasiingie.

Shamba ni lako na nyumba ni yako, ukizitaka uje uzichukue. Mimi naogopa watu. Packie Marrinan, mdogo wake Sinon, tumepakana ukuta. Ananizalishia ng'ombe, ananiletea gazeti akitoka mjini. Tarehe tatu Oktoba atapiga magoti jikoni kwangu. Wakijua, hakuna atakayevuka kizingiti changu tena, na siku nikifa watakuja kunizika kwa kuwa padri amewaambia.

Umejua wewe, naomba yatoshe. Njoo, nitakupokea kwa mikono miwili, lakini usiwaambie.

Nonie


Knockaveela,
14 Julai 1974

Rosaleen,

Sijui kama barua yangu ilifika. Mtu wa posta akipita bila kusimama namfuata kwa macho hadi konani. Akisimama nakawia kufungua mlango. Leo ameniletea kalenda ya mbolea.

Andika hata neno moja, hata kama ni baya.

Nonie


Chicago,
2 Septemba 1974

Dada Nonie,

Picha iko ukutani.

Nimekawia kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa na maneno ambayo baba yangu asingependa niyaandike. Hii ni ya saba, na naituma hivi ilivyo.

Simlaumu mtoto wa miaka tisa. Nililia kwa ajili yake kama nilivyolia kwa ajili ya Baba. Ninayemlaumu ni mwanamke wa miaka ishirini, na wa thelathini, na wa hamsini, aliyekuwa na kalamu na wino. Nimesoma maneno yako mara nyingi: unaogopa watu hawatavuka kizingiti chako. Baba yangu hakuwa na kizingiti ambacho mtu wa kwao angeweza kukivuka. Alizikwa na watu kumi na mmoja, tisa kati yao Wapolandi.

Tutafika tarehe thelathini. Sitaki hata ekari moja. Nataka siku ya misa, watu wakiwa wamekaa, usimame uwaambie kwamba Michael Talty hakusema neno. Usipoweza, nitasema mimi, lakini nitasema vibaya, kwa sababu nitakuwa na hasira.

Naogopa kuja kwako. Najua wewe unaogopa nije. Basi tutaogopa pamoja, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kuogopa naye.

Rosaleen


Knockaveela,
5 Oktoba 1974

Bridie mdogo wangu,

Imekwisha, na wewe ndiye wa kwanza kuandikiwa.

Walikuja Jumatatu kwa gari la kukodi. Ana paji la uso la Baba, Bridie, na anatembea kama bibi, mikono nyuma. Tulikumbatiana vibaya, kama watu wanaobeba meza. Watoto wake ni wapole, walipaka geti rangi bila kuambiwa. Siku tatu tulizungumza habari za mvua, za rangi, na za vikombe vya kuazima kwa majirani, na lile jambo hatukuligusa. Usiku mlango wake ulikuwa na mwanga chini, na wangu pia.

Alhamisi asubuhi wakaja. Nilihesabu ishirini na wawili, na jikoni kwetu unapajua. Padri akaungamisha watu sebuleni, mimi wa mwisho, na hata pale nilimwambia tu kwamba nina uvivu wa sala. Akasoma misa juu ya meza ya Mama. Packie alikuwa karibu na moto, kofia gotini. Wakati wa kupokea komunyo ulimi wangu ulikuwa mkavu hadi ukamgandia padri kidoleni.

Misa ilipokwisha, watu wakaanza kunyooka wakisubiri chai, na yai la kifungua kinywa cha padri lilikuwa limeshachemka. Nikamwona Rosaleen anavuta pumzi. Nikasimama kabla yake. Nilisema tanuri, nikasema kikapu, nikasema ofisa na yale mayai, na kwamba Michael hakusema neno kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimeishika meza. Nilipomaliza nikatazama mlango ili nione nani atatoka wa kwanza.

Hakutoka mtu. Packie akasema, kwa sauti ile ile anayosemea habari za mvua, "Kaa chini, Nonie. Tunajua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Michael alikuwa nasi kinamasini siku ile kutwa," akasema. "Mimi, baba yangu, na wale wengine wawili waliokuja kwenu. Tangu alfajiri. Angelewa mji gani huyo? Baba alijua ni uongo kabla hajamaliza kuusema. Lakini mtu mzima amesimama, amekubali, na nyuma yake kuna mtoto amejibanza kwenye sketi ya mama yake. Nani angeuliza zaidi?"

Wazee wote walikuwa wakitazama sakafu. Nikawatazama vijana, nao wakaangalia chini. Walikuwa wameambiwa majumbani mwao, Bridie. Wanajua mpaka watoto wa shule.

Rosaleen akauliza polepole, "Mlijua hana kosa."

"Tulijua, mama."

"Na hakuna aliyemwandikia arudi."

Packie akaizungusha kofia. "Angerudi yeye, mama yangu angeuliza, basi ni nani? Alikuwa kamzika mwanawe. Ilibidi tumlinde mmoja wa wawili, Michael au mtoto. Tukamchagua mtoto."

"Kwa hiyo ninyi nyote mlikuwa watu wema," Rosaleen akasema. "Ndiyo maana baba yangu alikufa Chicago."

Mimi nikachukua birika nikaanza kumimina chai, kwa sababu mikono haikuwa na kazi nyingine inayoijua, na wao wakapokea vikombe, kila mmoja akisema asante, Nonie.

Mchana Rosaleen alimwomba Packie ampeleke kwenye tanuri. Hakuniomba niende nao. Walikaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa na matope hadi magotini. Jana wameondoka. Kwenye gari alinishika uso akaniambia hofu yake imekwisha, hata kama hasira bado. Ya kwangu hakuiulizia. Mimi nilimwambia imekwisha pia, na huo ndio uongo wa pili niliomwambia.

Leo asubuhi Packie amekuja kumtazama yule ng'ombe mwekundu mwenye mimba. Akanisalimu kama anavyonisalimu siku zote, akaniachia gazeti dirishani, akaniuliza magoti yanaendeleaje, na alipokwisha kwenda nikakaa kizingitini. Miaka yote hii niliogopa siku watakayojua. Kumbe kila aliyenisogezea nafasi kanisani, kila aliyeniletea samaki wakati wa Kwaresima, alikuwa anamtazama yule mtoto wa kikapu, ananionea huruma, halafu anakwenda zake. Wema wao wote kwangu ndio uliomfungia Michael mlango, na mimi nimeula miaka hamsini na mitatu nikidhani ni ujirani. Kesho Jumapili watanisogezea tena nafasi.

Njoo, Bridie. Njoo hata wiki moja tu. Naogopa kukaa peke yangu na watu wanaonijua hivi.

Dada yako,
Nonie